Kuandikiana si kutoaminiana

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Sisi ni ndugu wawili wa kike, mtu na mdogo wake, wakazi wa Temeke. Tulisita sana kabla ya kuandika haya, kwa kuwa biashara iliyoharibika ni kama ugomvi wa ndani. Wenyewe hupenda uishie humo humo. Lakini katika mwezi huu tumeombwa ushauri na vikundi vitatu vya akina mama wanaotaka kuanzisha kampuni pamoja, na kila tulipouliza, "Mmeandikiana nini?", tulijibiwa lile lile tulilolijibu sisi zamani: "Sisi tunaaminiana." Kwa ajili ya jibu hilo tumeona ni wajibu wetu kueleza yaliyotufika.

Mwenzetu tutakayemwelezea humu hatutamtaja jina, wala hatuandiki kwa kumsengenya. Tulimsomea habari hii kabla ya kuileta gazetini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatutaka tuongeze jambo moja. Tumeliongeza, na msomaji atalikuta mahali pake.

Kinu cha mama

Marehemu mama yetu alizaliwa Pangani. Alipoletwa Dar es Salaam na baba yetu alikuja na kinu, mchi, na namna yake ya kutengeneza viungo vya pilau. Bizari nyembamba na pilipili manga alizikaanga bila mafuta kwa moto mdogo. Mdalasini na karafuu alivianika tu juani. Iliki hakuitia motoni kabisa; aliimenya, akaitwanga peke yake na kuichanganya mwisho, vingine vikiwa vimekwisha kupoa. Vipimo havikuandikwa popote. Jirani mwenye harusi au khitma alikuja na chombo chake, akapimiwa, na mama hakupata kumtoza mtu hata senti.

Mwenzetu tulijuana naye darsani, miaka michache baada ya mama kufariki. Ni mtu mchangamfu, mwepesi wa kutembea na mwenye kujua mambo ya simu kuliko sisi. Siku moja, akiwa amekaa mkekani kwetu akila pilau, alisema: "Dada zangu, hivi viungo mnavificha humu ndani? Hii ni biashara." Tulicheka. Akaendelea: "Na tuipe jina la mama." Hapo hatukucheka tena, na mmoja wetu alitokwa na machozi.

Tunamwomba msomaji ayashike maneno hayo, maana ndiyo yaliyotugombanisha baadaye. Mapishi yalikuwa ya mama yetu na jina lilikuwa la mama yetu, lakini fikra ya kulichukua jina hilo na kulibandika kwenye kifuko cha kuuzia ilitoka kinywani mwa mwenzetu.

Ukaja mtaji. Mmoja wetu alikuwa amefiwa na mume, ameachiwa watoto wanne, naye ndiye aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Sehemu ya watoto ilikuwa mikononi mwake kama amana. Kwa nia njema ya kuikuza isije ikaliwa na matumizi, alitia katika biashara shilingi 3,000,000 za mayatima hao. Wa pili wetu alitia 1,000,000, na mwenzetu 500,000. Jumla ilikuwa shilingi 4,500,000. Hakuna aliyetia saini karatasi yoyote. Tulisoma dua, tukanywa chai, tukaagana.

Kazi iligawanyika yenyewe. Sisi tulinunua viungo Kariakoo, tukachambua, tukakaanga, tukasagisha na kufungasha. Mwenzetu alishika mambo ya nje. Alimpa mpwa wake kazi ya kuchora picha ya kifuko. Alifungua ukurasa wa matangazo kwa namba yake ya simu. Alisajili lipa namba kwa jina lake. Na ilipohitajika jina la biashara lisajiliwe, mfumo wa mtandaoni wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ulitaka namba ya kitambulisho cha taifa ya mwenye biashara. Mmoja wetu hakuwa nayo bado, na wa pili alikuwa safarini Tanga. Mwenzetu akaweka yake, akalipa ada kutoka mfukoni mwake, na hati ikatoka na jina lake peke yake. Alituonyesha hati hiyo kwenye simu. Tulifurahi kuona jina la mama yetu juu ya karatasi ya serikali. Hatukusoma mstari wa chini.

Alhamdulillah, viungo vilipendwa. Ramadhani ya kwanza hatukulala. Kila mwisho wa mwezi tuligawana kilichopo, mafungu matatu sawasawa, tukashukuru.

Siku ya maswali

Mwaka wa pili tulipata meza ndogo katika maonyesho ya Sabasaba. Alipita mnunuzi wa duka kubwa, akanusa, akaonja, akasema anataka kuanza na vifuko 500. Kisha akauliza maswali ya kawaida ya mtu wa kazi yake. Je, bidhaa ina alama ya ubora ya TBS? Ina msimbomilia? Nani mmiliki wa jina? Nani wa kutia saini?

Sisi na mwenzetu tulijibu swali la tatu kwa pamoja, na majibu yalikuwa mawili.

Jioni ile, vitu vikiwa bado ndani ya maboksi, maneno yalitoka. Mwenzetu alisema: "Jina nimelisajili mimi, kwa fedha yangu, na wazo lilikuwa langu." Sisi tukasema: "Jina la mama yetu litakuwaje lako?" Akajibu kwamba mama yetu hakuwahi kuuza kifuko hata kimoja. Lilikuwa neno chungu, na lilituuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli. Ndani ya wiki mbili, lipa namba ilikuwa ikipokea fedha tusizoziona, ukurasa wa matangazo ukawa haufunguki kwetu, na mnunuzi wa duka kubwa hakupokea tena simu zetu. Mtu wa namna ile haingii mahali penye mzozo.

Tulikwenda kwa wakili tukiwa tumejaa hasira, tukitaka atuambie kuwa tumeibiwa wazo. Alitusikiliza, kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia: sheria hailindi wazo. Fikra iliyo kichwani, hata ikiwa nzuri namna gani, haina hati. Sheria hulinda sura ambazo wazo limezivaa, na kila sura ina mlango wake.

Alituchambulia milango hiyo taratibu, nasi tunaiandika hapa kama tulivyoielewa.

Jina la biashara ni kitambulisho cha nani anafanya biashara chini ya jina gani. Kulisajili si sawa na kulimiliki kama alama. Wengi wetu tunadhani hati ile inamaliza kila kitu, nayo haimalizi.

Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asiuze bidhaa za aina yako kwa jina au mchoro unaofanana na wako. Tanzania Bara husajiliwa BRELA. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Ikisajiliwa, alama hulindwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Tena usajili wa Bara haufiki Zanzibar. Huko kuna sheria yake na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na anayetaka kuuza pande zote mbili asajili pande zote mbili.

Hakimiliki hulinda maandishi, michoro, picha, nyimbo na programu za kompyuta. Haki hiyo huanza pale kazi inapotengenezwa, na kuiandikisha Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA, humpa mwenyewe ushahidi. Kwetu sisi maana yake ilikuwa moja: picha ya kifuko ilichorwa na mpwa wa mwenzetu, bila mkataba na bila malipo. Kijana yule alikuwa na neno la kusema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hataza ni ya uvumbuzi: jambo jipya, lenye hatua ya ubunifu, linaloweza kutumika viwandani. Mwenye uvumbuzi wa namna hiyo asiutangaze hadharani kabla ya kupeleka ombi, kwani upya ukipotea haurudi. Viungo vya mama havikuwa na nafasi katika mlango huo.

Iliyobaki ni siri ya biashara. Mapishi hulindwa kwa kutunzwa: wachache wayajue, na hao wachache watie saini mkataba wa kutunza siri kabla ya kuonyeshwa. Wakili akatuuliza, "Nani alimfundisha mwenzenu kuchanganya?" Tulitazamana. Tulimfundisha sisi wenyewe, jikoni kwetu, kwa mapenzi, tukimshika mkono.

Hatimaye alituambia kwamba ushirika wa watu waliofanya biashara pamoja bila kusajili kampuni hutawaliwa na Sheria ya Mikataba, na kwamba pasipo makubaliano mengine, washirika huhesabiwa kuwa sawa katika faida na hasara. "Mnaweza kwenda mahakamani," alisema. "Lakini mtakwenda na nini?"

Daftari la hesabu

Hatukwenda mahakamani. Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, naye mwenzetu alikubali wito siku ile ile, hilo tunamshukuru. Tulikaa vikao vinne, kati ya sala ya alasiri na magharibi, na mashahidi wawili wazee wa mtaa.

Kikao cha kwanza sheikh hakutuuliza nani ana haki. Alituuliza kama tunaijua aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Tuliijua kwa kuisoma, maana ni ya 282 katika Suratul Baqara, na Alhamdulillah sote tulihitimu. Akasema: aya hiyo ndefu kuliko zote haikuzungumzia sala wala hija. Imezungumzia kuandikiana deni. Imeamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Na imemkumbuka asiyeweza kujisemea, ikamtaka msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa haki. Aliposema hayo alimtazama yule kati yetu aliye mjane, na hakuongeza neno.

Alitukumbusha pia kisa cha Nabii Daudi (A.S.) katika Suratu Swad, cha wale wawili waliogombania kondoo, na onyo lililomo kwamba washirika wengi hudhulumiana isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Akatuambia kwamba Bibi Khadija (R.A.) alipompa Mtume wetu mali yake aende nayo Sham, kabla ya utume, alimtuma pamoja na Maysara, mtumishi wake. Kuwepo kwa mtu wa tatu safarini hakukuwa tusi kwa Al-Amin.

Kisha likaja suala la hesabu. Tulidhani hakuna kumbukumbu yoyote. Ndipo binti mkubwa wa mayatima, aliyekuwa na miaka 12, alipoleta daftari lake la zamani la hesabu. Mama yake alikuwa akimfanyisha mazoezi ya kujumlisha kwa kumtaka aandike mauzo ya kila siku: vifuko vingapi, fedha ngapi, nani kachukua nini. Kwa muda wa miezi 20 mtoto alikuwa ameandika, kwa penseli, bila kuruka hata siku za Idi. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Habari ya mali yetu tuliipata kwa mtoto aliyekuwa akijifunza hesabu.

Daftari lilisema mambo ambayo hatukupenda kuyasikia. Kwanza, sisi wenyewe tulikuwa tumechukua shilingi 260,000 kwa nyakati mbalimbali, za dawa, za mgeni, za unga, tukisema tutarudisha, na hatukurudisha. Pili, mwenzetu alikuwa akilipa nauli za kusambaza bidhaa na ada mbalimbali kutoka mfukoni mwake. Nauli zake mtoto alikuwa akiziandika kila jioni alipomsikia akizitaja, na pamoja na risiti alizozihifadhi zilifika 340,000. Hatukuwa tumewahi kumuuliza. Tatu, tulichokuwa tukigawana kila mwezi hakikuwa faida peke yake. Yalikuwa ni mauzo, na ndani yake mlikuwa na mtaji.

Fedha na bidhaa zilizokuwepo zilipohesabiwa, pamoja na zile 260,000 tulizozirudisha papo hapo, zilifika 3,940,000. Yakatolewa kwanza madai ya mwenzetu, 340,000. Zikabaki 3,600,000. Tulianza na 4,500,000. Laki tisa zilikuwa zimeliwa.

Hapo sheikh alitufundisha jambo ambalo kila familia inayoanza ushirika inapaswa kulijua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu katika pwani hii, faida na hasara za ushirika wa mali hufuata kiasi cha mtaji. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioruhusu washirika wapatane faida kwa namna nyingine, lakini kuhusu hasara wote wanasema humfuata kila mtu kwa kadiri ya mtaji wake. Na pale ambapo mmoja anatoa mali na mwingine anatoa kazi tu, nayo ni mudharaba, hasara ya fedha ni ya mwenye mali, na mwenye kazi hasara yake ni jasho lake, maadamu hakuzembea wala hakuvunja sharti. Sisi tulikuwa tumegawana sawasawa mafungu matatu kwa miezi 20, na thuluthi mbili ya mtaji ilikuwa ya watoto wanne ambao hawakukaa kwenye mkeka ule. Tuliona ni usawa. Kumbe tulikuwa tukila fungu la mayatima kila mwezi, huku tukishukuru.

Hasara iligawanywa kwa kufuata mtaji. Mwenzetu aliondoka na 400,000 badala ya 500,000, wa pili wetu na 800,000, na mayatima wakabakiwa na 2,400,000. Laki sita za mayatima sheikh hakutuhukumu kuzilipa. Sisi wenyewe tulijihukumu, kwa kuwa kutoandika kulikuwa ni uzembe wetu. Mpaka leo tumerudisha 450,000. Zilizobaki tumeziandika katika wosia wetu, wote wawili, ili mauti yakitukuta deni lisizikwe nasi.

Kuhusu jina, mwenzetu alisema neno lililotunyamazisha. Alisema hakulitaka jina la mama yetu kwa ajili ya fedha. Alitaka atambuliwe kuwa yeye ndiye aliyeliona. Tulikiri mbele ya mashahidi kwamba ni yeye aliyeliona, nasi tukamlipa yeye na mpwa wake kwa picha ya kifuko. Akaenda BRELA, akafunga usajili wake. Mapishi hatukuweza kuyarudisha, kwa sababu kitu kilichokwisha kuingia kichwani mwa mtu hakitoki. Leo anauza viungo vyake kwa jina lake mwenyewe, na ni vizuri, nasi hatusemi vinginevyo.

Jambo aliloomba tuongeze ni hili. Katika mwezi wa pili wa biashara yetu, yeye ndiye aliyekuja nyumbani na karatasi mbili alizopewa na binamu yake, mfano wa mkataba wa ushirika, akasema, "Dada zangu, tuandikiane." Sisi ndio tuliocheka. Sisi ndio tuliosema, "Kwani sisi ni watu wa kuandikiana?" Alizikunja akaondoka nazo. Tulikuwa tumelisahau kabisa.

Tulivyoandikiana safari hii

Sasa tumesajili kampuni, na tumeingia na mshirika mpya, binti wa jirani yetu aliyepata mafunzo ya usindikaji wa vyakula. Tulipomwekea mkataba mbele yake aliinamisha kichwa, akauliza, "Mama zangu, mnanitilia shaka?" Tulimjibu, "Hapana mwanetu. Tunajitilia shaka sisi." Tukampa wiki nzima aende nao kwa baba yake na kwa wakili atakayemtaka yeye.

Yaliyomo tunayaeleza kwa ufupi, ili atakayependa ayachukue.

Tumeandika kila mtu ametia nini, fedha kwa kiasi chake na tarehe yake. Fedha za mayatima zimeandikwa kwa majina yao, si kwa jina la mama yao.

Tumetenganisha kilichokuwepo kabla ya kampuni na kitakachozaliwa ndani yake. Mapishi ni ya warithi wa mama, nao ni wanne. Kaka zetu wawili, ambao mwanzo hatukuwauliza kabisa, wametia saini kuiruhusu kampuni iyatumie pamoja na jina. Vipimo vimeandikwa, vimefungwa katika bahasha, na wanaovijua wametia saini ya kutunza siri. Mchoro mpya, ukurasa wa matangazo, namba ya malipo, na chochote kitakachobuniwa na yeyote kati yetu kwa kazi ya kampuni ni mali ya kampuni. Mchoraji amelipwa na ametoa idhini yake kwa maandishi. Alama ya biashara tumeiombea kwa jina la kampuni.

Tumeandika namna ya kutoka: mshirika akitaka kuondoka hisa zake zitathaminiwa vipi, zitauzwa kwanza kwa nani, na ni mambo gani hataruhusiwa kwenda nayo. Tumeandika kuhusu kifo, kwamba hisa za marehemu ni mirathi na zitakwenda kwa warithi wake kama sheria ya Kiislamu ilivyopanga. Tumeandika kuhusu ugomvi, kwamba tutaanza na sulhu, kisha msuluhishi tuliyemkubali sote, na mahakama iwe ya mwisho. Na tumeandika kwamba hesabu zitasomwa kila mwezi mbele ya wote, kwanza ndipo kitu kigawanywe. Hata zaka ni rahisi sasa, kwa kuwa kila mtu anajua chake.

Mkataba tumeusaini mbele ya wakili na mashahidi, na tumeulipia ushuru wa stempu, kwani mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi siku ya haja. Masharti ya hisa tumehakikisha hayapingani na katiba ya kampuni iliyowasilishwa BRELA, maana tuliambiwa wengi huandika hivi huku na vile kule.

Gharama ya yote hayo ilituuma, hatufichi. Lakini kila tunapoiona karatasi ile tunakumbuka jioni ya Sabasaba, maboksi yamesimama katikati yetu, na watu watatu waliosoma darsa moja wakiitana majina.

Mwenzetu wa zamani tunakutana naye msikitini. Tunasalimiana, watoto wetu wako madrasa moja. Ramadhani iliyopita alituletea kifuko cha viungo vyake, nasi tukampelekea vyetu. Hatujarudi kukaa mkekani tukala pamoja kama zamani. Tunamwomba Allah aturudishe huko.

Na nyinyi mnaotaka kuanza wiki hii, wawili, watatu au watano, mliokwisha kusoma dua na kunywa chai: kabla ya kuagana, mmoja wenu alete kalamu. Akiileta, msimcheke.

Wabillahi tawfiq.